Mshumaa wa Mia Mbili

Ile orodha niliiandika mimi.
Nasema mapema, msije mkaisikia kwa mlinzi.
Majina kumi na tisa, kalamu ya bluu,
sahihi nikizigeuzageuza mkono zisifanane;
na palipo jina la Ndahani, asiyejua kuandika,
niligandamiza dole langu.

Juu ya karatasi palisomeka:
MAFUNZO YA USALAMA MAHALI PA KAZI.
Tarehe. Saa. Mkufunzi.
Mkufunzi nilimbuni, nikampa jina la marehemu mjomba,
mtu mpole, hakupata kugombana na mtu.

Sheria inataka mafunzo, alisema meneja,
ila mkaguzi anataka karatasi.
Basi tumpe karatasi.
Watu wakapewa soda moja moja, wakanywa wima,
wakarudi kwenye zabibu.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mavuno yamefurika.
Magari yanashusha kutoka Mpunguzi, kutoka Hombolo,
makreti yanachuruzika, nyuki wamelewa,
mpaka daftari langu la mahudhurio
likawa linanata.

Tenki la mvinyo mnalijua?
Mvinyo ukishatolewa, chini hubaki machicha,
na machicha hayajafa, yangali yanapumua.
Pumzi yake huioni.
Ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji,
nawe unashuka humo na koleo lako
ukidhani umeingia chumbani
kumbe umeingia kisimani.

Ndahani alishuka saa nne kasoro robo.
Chilewa, mtoto wa shangazi yake, akamwita mara mbili.
Mara ya tatu hakuita.
Alivua ndara, akaziweka pamoja pale mlangoni
kama mtu anayeingia msikitini,
akamfuata.

Kijitabu kilikuwamo kabatini, ndani ya nailoni yake.
Nilikifungua baada ya matanga.
Ukurasa wa kumi na mbili:
pitisha hewa kwanza; shusha mshumaa kwa kamba,
ukizimika, usiingie.
Mwenzako abaki nje.
Na wa ndani akianguka, wa nje asimfuate, apige kelele.

Asimfuate.
Nani huzaliwa akijua hivyo?
Sisi tumelelewa kukimbilia anayeanguka.
Ndiyo maana sheria ikasema mtu afundishwe,
akae kwenye benchi, arudie kwa mdomo wake,
arudie tena, mpaka miguu yake isadiki
jambo ambalo moyo wake unalikataa.

Mshumaa dukani ni shilingi mia mbili.
Soda kumi na tisa, kwa mia sita,
elfu kumi na moja na mia nne.
Niliziingiza kwenye hesabu mimi mwenyewe.
Kifungu: Mafunzo.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Bi. Nakijwa, miwani ya kamba,
hakugusa chai.
"Walifundishwa?"
"Walifundishwa," akajibu meneja, na faili likafunguka.
Alipita majina taratibu, akafika kwenye dole,
akainamisha uso karibu na karatasi.
"Hili lina kovu," akasema.
Kisha akatazama mkono wangu ulioshika kikombe,
pale mkasi wa kupogolea uliponikata nikiwa mtoto.
Hakusema kitu kingine. Akaandika.

Lakini si yeye anayeninyima usingizi.
Ni Nyemo, mjane wa Ndahani,
aliyekuja ofisini na mtoto mgongoni
akataka asomewe ile karatasi, neno kwa neno.
Nikamsomea.
Akanyamaza kidogo, akamweka mtoto sawa.
"Kwa hiyo alifundishwa," akasema.
"Alijua.
Sasa, kama alijua, aliingia kutafuta nini?"

Meneja akakohoa. Mimi nikafunga faili.

Haya nimeyaandika usiku, kwa kalamu ileile ya bluu,
nayapeleka kesho kwa Bi. Nakijwa kabla sijaghairi.
Sahihi yangu iko chini.
Kando yake nimegandamiza dole, lenye kovu,
safari hii kwa jina langu.